Mtu wa Kupigiwa Simu

Fomu ilikuwa na mistari saba. Mistari saba tu, mirefu, myeupe, na dada yangu Nadra alikuwa ameikodolea macho siku tatu bila kuandika hata nukta. Juu yake waliandika kwa Kiingereza cha upole, kama daktari anayekuambia sindano haitauma: orodhesha mafanikio yako nje ya masomo, ukianza na lile unalolithamini zaidi.

"Andika bingwa wa kumnyima kaka yake rimoti," nikamshauri. "Miaka kumi na moja mfululizo, hajafungwa hata mechi moja."

Nadra akanijibu kwa Kiingereza. Nyumbani kwetu hiyo ni king'ora. Nadra akiwa na furaha husema Kiswahili cha bibi yetu wa Unguja, na akiudhika hubaki na Kiingereza cha Silver Spring, mji wetu wa pembezoni mwa Washington, kifupi, hakina hata "tafadhali".

Niwaeleze mambo yalivyokuwa. Ilikuwa Desemba 1998. Mama yetu, Bi Mize, alikuwa anakunja mashuka hotelini Arlington. Mimi, Taufiq, nilikuwa nimemaliza sekondari mwaka uliotangulia na nilikuwa nauza viatu kwenye maduka ya Wheaton, kazi ya kuwapigia magoti watu wasioosha miguu. Nadra alikuwa na miaka kumi na saba, na maksi zake zilikuwa juu mpaka walimu walikuwa kama wanamwomba radhi wakimsahihisha. Alitaka chuo kimoja tu, kule kaskazini. Chuo hicho kikimchukua mtoto wa mkunja mashuka kinamlipia kila kitu, ila kati ya waombaji kumi kinawarudisha wanane na nusu. Hiyo nusu sijui wanamfanya nini. Bahasha ilitakiwa igongwe muhuri wa posta kabla mwaka haujaisha.

Shuleni kulikuwa na mshauri wa wanafunzi, Bi Rosemary, mama wa Kimarekani mwenye miwani ya kamba. Alimwambia Nadra: "Maksi kila mtu anazo. Wewe una nini ambacho wenzako hawana?"

Na wenzake walikuwa navyo, wallahi. Yupo aliyepiga fidla mpaka Ulaya. Yupo aliyechunguza maradhi ya vyura kwenye maabara ya baba yake. Yupo aliyeanzisha chama cha kuokoa nyangumi, na bahari yenyewe ameiona mara mbili. Dada yangu alikuwa anatoka shule anapika, ananyoosha sare ya Mama, anasoma, na Jumamosi kutwa anakaa mezani. Hiyo ya Jumamosi nitaifikia.

Mama akaamua jambo hili ni la kikao.

Kikao kilifanyika Jumapili, siku ya kwanza ya Ramadhani, baada ya kufuturu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Silvanus, zamani karani ubalozini, sasa mlinzi wa jengo la maofisi. Ni Mkatoliki wa Bukoba, lakini Ramadhani futari yetu haimpiti. Anasema anatuunga mkono. Ndiye mkuu wa Umoja wetu wa mtaa, na muhuri wa Umoja analala nao mfukoni mwa koti. Alikuwepo pia jirani yetu Jepkosgei, Mkenya anayetunza wazee majumbani, amekuja kurudisha sufuria akakuta kachori.

"Mwanangu," Mzee Silvanus akamwambia Nadra, "mistari mingapi?"

"Saba, Mzee, lakini siyo—"

"Vyeti saba. Bi Mize, niongeze uji. Kuanzia leo, Nadra ni Katibu Mkuu wa Umoja wa Vijana."

"Vijana gani?" nikauliza.

"Wewe."

"Mimi peke yangu?"

"Unatosha. Mdomo wako ni wa watu kumi. Cheti cha pili: nahodha wa timu ya netiboli."

"Hatuna timu," Nadra akasema.

"Itaundwa. Cha tatu: mshindi wa pili, mashindano ya insha."

Mama akaweka kikombe chini. "Wa pili? Nani huyo aliyemshinda mwanangu?"

"Bi Mize, akiwa wa kwanza kila mahali watashtuka."

"Basi huyo wa kwanza awe mtu tunayemfahamu."

"Aki nyinyi Watanzania," Jepkosgei akasema na mdomo umejaa. "Mnapeana vyeo kama peremende. Na mimi nipatieni kimoja, hata cha mweka hazina."

Mzee hakucheka. Akatoa karatasi zake nene, akazigonga muhuri moja moja, pa, pa, pa, tambi zikitetemeka kwenye bakuli. Alipofika cha tano Nadra alisimama.

"Huu ni uongo," akasema. Kwa Kiswahili, na furaha hakuwa nayo, ndipo nikajua hali ni mbaya kuliko nilivyodhani.

"Uongo ni maneno matupu, mwanangu. Hiki kina muhuri."

Nadra akavibeba vile vyeti, akashukuru kama alivyolelewa, akaingia jikoni akafungua maji ya bomba mpaka mwisho. Nilimfuata. Alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata.

"Miaka sita nakaa sebuleni," akasema. "Sijui fidla, sijui netiboli, sijui nyangumi. Ningekuwa wapi? Muda ningeutoa wapi? Halafu wananipa karatasi wananiambia nichague nilikuwa nani!"

"Na Jumamosi?" nikamwambia. "Si uandike Jumamosi?"

"Hiyo siyo yangu."

"Ya nani?"

"Ya watu."

Jumamosi zenyewe zilikuwa hivi. Tangu Nadra ana miaka kumi na moja, watu wetu walikuwa wanakuja na karatasi zao mpaka kwenye meza yetu ya kulia. Fomu ya hospitali, ya nyumba, ya shule ya mtoto, ya uhamiaji. Mtu anakaa, Mama anamwekea chai, Nadra anauliza na kujaza. Na fomu ya Marekani haina haya: umeachika mara ngapi, una ugonjwa gani, uliingia nchini lini na kwa karatasi ipi. Mtu akianza kujibu, Mama huinua sauti ya televisheni, ili mimi kwenye kochi nisisikie. Nimekua nikiangalia mapishi ya Kizungu kwa kelele ya kupasua sikio. Yaliyosemwa mezani hayakutoka mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Sasa, katika kila fomu kuna mstari mmoja unaowanyamazisha wote: mtu wa kupigiwa simu ukipatwa na dharura. Umetoka Tanga au Lamu au Eldoret peke yako, mkeo yuko kule, nduguyo yuko kule. Utamwandika nani? Wa kwanza alikuwa Jepkosgei. Alizungusha kikombe, mwishowe akasema, "Si uandike tu wewe." Nadra alikuwa na miaka kumi na mbili. Akajiandika. Wa pili akafanya hivyo hivyo, na wa tatu.

Usiku ule jikoni tulihesabu kwa vidole, vya mikono yake na yangu. Kumi na tisa. Watu wazima kumi na tisa, wenye ndevu na visukari, mtu wao wa dharura Marekani nzima ni msichana wa sekondari. Hospitali ilishampigia shuleni mara mbili. Mara ya pili Bi Rosemary alimtoa kwenye mtihani wa hisabati, akamuuliza mgonjwa ni nani wake. Nadra akamjibu, "Si mtu wangu. Mimi ni mtu wake."

"Mpumbavu wee," nikamwambia kwa mapenzi yote. "Nani mwingine ana hiyo? Yule wa nyangumi? Nyangumi gani amemwandika yeye?"

Alinirushia maji ya sabuni. Lakini Jumatatu na Jumanne aliandika insha ya kuambatana na fomu. Ukurasa mmoja na nusu, hakuna jina hata moja. Mama mmoja anayezungusha kikombe. Mzee mmoja mwenye mguu wa kisukari. Mstari mmoja, watu kumi na tisa. Jumatano, siku ya mwisho kabla ya likizo, Bi Rosemary aliisoma, akapitisha macho kwenye vyeti alivyoonyeshwa, akavua miwani, akasema, "Tuma hii. Na vile vyeti vya netiboli sijaviona."

Hapo hadithi ingeisha vizuri, kama nisingekuwa na mdomo.

Alhamisi jioni, Mzee Silvanus amekaa kwenye futari ananyoosha mkono kwenye kachori ya sita. Nikashindwa kujizuia. "Mzee, kula taratibu. Chuo kizima kitajua mguu wako una sukari. Nadra amekuandika."

Kachori ikaanguka kwenye uji.

Saa moja baadaye simu yetu ilikuwa inalia kama jiko la presha, na haikunyamaza mpaka Ijumaa. Mtu wa Wheaton alipiga. Mtu wa Arlington alipiga akiwa kazini. Wote swali moja: eti Nadra ametupeleka serikalini?

"Siyo serikali," nilikuwa nasema. "Ni chuo. Chuo!"

"Kina fomu?" Mzee Silvanus akaniuliza.

"Kina."

"Kinatuma bahasha zenye kidirisha cha plastiki?"

"Kinatuma, lakini—"

"Basi ni serikali."

"Mzee, hakuna majina!"

"Mzee mwenye mguu wa kisukari asiye na mtu. Hapo umebakisha nini? Nambari ya viatu?"

"Nambari yako ni kumi na moja, nimekuuzia mwenyewe. Lakini nani atakujua huko? Maprofesa?"

"Hujui Mmarekani anajuana na nani, kijana."

Nilijaribu kumcheka, na sikuweza, kwa sababu Mama hakuwa anacheka. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mezani, kile wanachokaa wenye shida.

"Nadra, itoe," akasema.

"Mama, ni ya kweli."

"Najua ni ya kweli. Watu wameniletea aibu zao kwenye meza yangu, nikawawekea chai. Sikuwawekea gazeti."

"Kwa hiyo niandike netiboli?"

Mama akaanza kukusanya vikombe.

"Mnajua mnachofanya?" Nadra aliniangalia mimi, lakini alikuwa anasema na mtaa mzima. "Uongo wenye jina lao na muhuri wao wamenipa bure, na uji juu yake. Ukweli usio na jina hata moja, hawataki. Nifanye nini? Niambieni nifanye nini!" Kisha akamalizia kwa Kiingereza, na sitakiandika, maana ulikuwa mwezi mtukufu.

Ukurasa ule ukatolewa kwenye bahasha. Nilitaka kumwomba radhi, na kila nikifungua mdomo utani ndio unaotoka, kwa hiyo nikaufunga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza, misuli iliniuma.

Basi, mngedhani Jumamosi ile watu wataona haya wakae kwao. Wapi! Saa nne asubuhi wako mlangoni, na karatasi zao mkononi. Walewale. Mtu aliyempigia Nadra kelele Ijumaa anaingia anauliza, "Habari za saumu?" na kuvua viatu. Mtu mmoja mmoja, mpaka walifika kumi na mmoja, wamebanana kwenye kochi langu. Mama akawasha televisheni.

Wa kwanza mezani alikuwa Mzee Silvanus. Alikuwa anafanyiwa upasuaji wa mguu baada ya mwaka mpya, na fomu ya hospitali ilikuwa na kurasa nne. Nadra akajaza kwa heshima zote, jina, umri, dawa. Akafika kwenye ule mstari. Akaweka kalamu chini.

"Mtu wa kupigiwa simu, Mzee?"

"Si wewe, mwanangu."

"Hapana, Mzee."

Mzee alidhani Nadra hajamsikia vizuri kwa sababu ya televisheni. "Nasema wewe."

"Na mimi nasema hapana. Mimi siwezi kutajwa kwenye fomu yako kama wewe huwezi kutajwa kwenye yangu."

Kochi zima likageuka. Mwenye fomu ya nyumba akaikunja. Mzee mmoja akasema watoto wa huku wameharibika, na mwenzake akamuunga mkono, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mtu mwingine aseme kitu. Nikamwangalia Mama. Nilijua atamkemea, mgeni hafanyiwi hivyo kwetu, hata akiwa na makosa.

Mama akainuka, akaenda kwenye televisheni, akaizima.

Sijawahi kusikia sebule yetu Jumamosi ikiwa kimya. Friji lilikuwa linaimba.

"Mwanangu anauliza swali," Mama akasema. "Mjibuni."

Watatu walivaa viatu vyao wakaondoka. Mmoja hakuaga. Wengine walikaa wanaangalia zulia kana kwamba jibu limedariziwa humo. Ndipo Jepkosgei, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria nyingine, akasema, "Wee Nadra. Yule wa kikombe ni mimi?"

"Ni wewe, shangazi."

"Basi weka. Na uweke jina. Mimi sijaiba kitu ya mtu. Andika Jepkosgei, na K ni moja tu. Kule kazini wananiandika kama wanapiga chafya."

Baada yake mmoja akainua mkono kama yuko darasani, na wawili wakamfuata. Kisha mwingine, akisema sawa, lakini usitaje ndoa ya pili. Wengine walisema watafikiria, na hadi leo wanafikiria. Mzee Silvanus alichukua fomu yake na ule mstari mtupu, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni pamoja na muhuri, akatoka.

Kwa hiyo wakawa watano. Kumi na tisa walikuwa wanatisha. Watano unaweza kuwaingiza kwenye teksi moja. Nadra aliandika upya kwa siku nne, akachana, akaandika, akachana. Aliniambia ukurasa ule wa kwanza ulikuwa kama mtu anasema, na huu ni kama mtu anayesema huku ameshikwa mkono. Nani alimshikisha huo mkono? Mimi na kachori.

Tarehe thelathini na moja tulikuwa kwenye foleni ya posta saa kumi jioni, tumefunga, na baridi ile ya Desemba inayoingia mpaka kwenye soksi. Mbele yetu watu ishirini, karani mmoja. Nadra alikuwa amebana bahasha kifuani. Hakuna cheti hata kimoja ndani. Mistari saba, ameandika mmoja, na sita ameacha nyeupe hivyo hivyo.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia Mzee Silvanus na fimbo, anahema. Nikadhani amekuja kugonga muhuri.

"Sita," akamwambia Nadra. "Waandike sita. Na mguu weka." Akatazama pembeni. "Ila usiandike kwamba mimi ni mwenyekiti."

"Bahasha nimeshaifunga, Mzee."

"Ifungue."

"Karani anafunga saa kumi na moja."

"Basi unapoteza muda gani kubishana na mimi?"

Aliichana pale pale. Akafuta "watano" akaandika "sita" juu yake, na sentensi mbili za mguu pembeni, karatasi juu ya mgongo wangu, mimi nimeinama kwenye foleni kama meza, watu wa Marekani wanatuzunguka. Kalamu ilinichoma kotini. Kisha Mzee akamnyooshea ile fomu yake ya hospitali, imekunjika vibaya, na Nadra akajaza ule mstari bila kuuliza, mgongoni kwangu vilevile. Tulifunga bahasha kwa utepe wa kuazima. Karani akaitazama ile bahasha chakavu, akatutazama sisi, akagonga muhuri. Saa yangu ilikuwa inasema kumi na dakika hamsini na tatu. Tukafuturu pale nje kwa tende za mfukoni mwa Mzee, Mkatoliki wetu, alizobeba tangu nyumbani.

Jibu lilikuja Aprili. Si bahasha nene ya waliochukuliwa, wala si ile nyembamba ya waliorudishwa. Ya kati. Nadra alilisoma amesimama, akanipa. Nikalisoma mara mbili, maana nilifikiri ni utani, na mimi utani naujua. Hawajamkubali wala hawajamkataa. Wamemweka kwenye foleni. Nafasi ikipatikana watamwambia. Wakati huohuo, kama kuna mafanikio mapya ambayo hakuyaeleza, wanampa karatasi yenye mistari mitatu aongeze.

"Mitatu!" Nadra akapiga meza. "Wanataka nini tena? Nini kingine? Nimewapa mguu wa mtu!"

Nilitafuta la kuchekesha. Sikupata.

Simu ikalia. Mama akaipokea, akasikiliza, akamnyooshea Nadra. Hospitali. Mzee Silvanus ameanguka kazini, kidonda kimefunguka, na kwenye faili lake kuna jina moja tu. Nadra akauliza wodi ipi, akavaa koti juu ya nguo za shule, akachukua karatasi za bima ya Mzee kutoka kwenye droo anakozijua yeye peke yake. Mlangoni akageuka akaitazama ile barua, akasonya, akaondoka. Nilimsikia akiruka ngazi mbili mbili.

Nikabaki na mistari mitatu. Nikachukua kalamu yake, nikaandika kwa Kiingereza changu cha duka la viatu: Ndiyo, lipo jipya, lakini mwenyewe ametoka. Amepigiwa simu.